Mto Simiyu na Wachora Ramani

Mchungaji wa Kasoli, katika nchi ya Bariadi, akiulizwa maji yako wapi, naye huuliza kwanza: ya masika au ya kiangazi? Swali hilo ndilo lililowashinda wachora ramani wa zamani.

Mwaka 1858 Bwana Speke alifika Mwanza, akaliona ziwa kubwa, akalipa jina la Malkia Victoria. Mwaka 1875 akaja Bwana Stanley kutoka kusini kwa njia ya Usukuma, akaufuata Mto Simiyu, akafika ziwani mwezi wa Februari. Miezi hiyo ni ya mvua, na mto una maji. Basi Stanley akaona kwamba Simiyu ndio chanzo cha mbali cha Mto Nili upande wa kusini. Lakini katika mito inayoingia ziwani, ulio mkuu ni Kagera, utokao magharibi. Simiyu wenyewe, kiangazi kikizidi, hubaki njia ya mchanga. Hapo wenyeji huufukua mchanga, na chini yake hupata maji ya kunywa wao na ng'ombe wao.

Fikirini basi hatari yake. Mgeni aiaminiye ramani, akiuona mstari wa buluu, aweza kuliongoza kundi zima mwezi wa Septemba mpaka penye mchanga mkavu, na ng'ombe hawezi kungoja mvua.

Baada ya vita kuu ya pili kazi ilibadilika. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza iliunda idara ya kupima makoloni yake, na picha zikapigwa kutoka katika ndege. Katika ramani zilizotokana nazo, sentimita mbili ni kilomita moja ya nchi, na mito ya msimu huchorwa kwa mstari uliokatika-katika. Mwaka 1947 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, na malambo mengi yakachimbwa ili mifugo ipate maji.

Hata hivyo picha ya ndege haioni maji yaliyo chini ya mchanga, wala haijui jina la kijito. Hayo yalipatikana kwa kushuka chini, kwenda kwa miguu, na kumwuliza mwenye ng'ombe. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Ramani njema ya maji huchorwa na watu wawili: mwenye kalamu, na yule ambaye kundi lake limekwisha kuona kiu.