Safu ya Lugha: Kuanua Matanga

Msiba ukitokea, watu hukaa matanga: majamvi hutandikwa, majirani huleta kuni na maji, ndugu hulala palepale. Siku ikifika, matanga huanuliwa. Kitenzi ni kilekile cha kuanua nguo au nafaka juani. Basi Kiswahili kinampa mfiwa siku za kulia, na siku ya kuinuka.

Biblia nayo hufanya hivyo. Waisraeli walimlilia Musa siku 30, kisha Yoshua akawaongoza (Kumbukumbu la Torati 34). Samweli alipozidi kumlilia Sauli, mfalme aliyekuwa hai bado ila amekataliwa, Mungu alimuuliza ataendelea hadi lini, akamtuma Bethlehemu na pembe ya mafuta (1 Samweli 16). Paulo naye hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika, bali kuhuzunika kama wasio na tumaini.

Machozi si upungufu wa imani. Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro. Huzuni inayodhuru ni ile inayomfungia mtu ndani, asile, asisali, asitake kuonana na mtu.

Kuanua matanga si kumsahau marehemu, wala si ruhusa ya kumtelekeza mfiwa. Majamvi yakishakunjwa, mtembeleeni, salini naye, na akizidiwa mpelekeni kwa daktari.