Mashauriano Kabla ya Barua: Haki za Mfanyakazi Anayepunguzwa Kazini Tanzania Bara

Kupunguzwa kazini ni kusitishwa kwa ajira kwa sababu zinazotokana na mahitaji ya mwajiri, pasipo kosa la mfanyakazi wala upungufu wa uwezo wake. Kiwanda kinapokosa soko, benki inapohamishia huduma za kaunta kwenye simu, au kampuni mbili zinapoungana na kubaki na idara moja ya uhasibu, hodari na mzembe huweza kujikuta katika orodha moja. Kwa Tanzania Bara, jambo hili linasimamiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Namba 11 ya mwaka 2005. Hoja ya makala haya ni kwamba ulinzi mkubwa ambao sheria ya Bara inampa mfanyakazi umo katika mashauriano yanayoitangulia barua ya kusitisha ajira, kuliko katika fedha zinazoifuata. Anayeanza kuulizia haki zake baada ya kukabidhiwa barua huwa amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake.

Sababu halali na utaratibu wa haki

Kifungu cha 37 cha sheria hiyo kinadai mambo mawili kwa pamoja: sababu halali na utaratibu wa haki. Likikosekana moja, usitishaji si wa haki, na kifungu cha 39 kinamtwisha mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba yote mawili yalikuwapo. Sababu zinazotambuliwa katika kupunguza wafanyakazi ni za aina tatu: za kiuchumi, kama kushuka kwa mauzo, za kiteknolojia, kama mashine mpya kuchukua nafasi ya mikono, na za kimuundo, kama kuunganishwa kwa idara.

Mgawanyo huu una maana kubwa kivitendo. Mwajiri anayetaka kumwondoa mfanyakazi waliyekosana naye huweza kushawishika kuiita hatua hiyo upunguzaji, ili akwepe kikao cha nidhamu na wajibu wa kuthibitisha kosa. Ikiwa nafasi iliyodaiwa kufutwa inajazwa na mtu mwingine mara tu baada ya mhusika kuondoka, madai ya mahitaji ya uendeshaji yanakosa mashiko. Hata hivyo, ngao ya usitishaji usio wa haki haiwafikii wote: aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo kwa muda usiofika miezi 6 hawezi kuitumia.

Mashauriano

Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapoanza kufikiria kupunguza wafanyakazi, si pale anapokuwa amekwisha kuamua. Anapaswa kutoa taarifa zote zinazohusika, kisha kushauriana kuhusu sababu za upunguzaji, njia za kuuepuka au kuupunguza makali, vigezo vya kuchagua watakaoondoka, wakati wa kutekeleza na malipo ya kiinua mgongo. Mashauriano hayo hufanywa na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa mahali pa kazi, kwa mfano TUICO viwandani au CHODAWU mahotelini, na pia na wafanyakazi wasiowakilishwa na chama. Wasipofikia makubaliano, suala hupelekwa kwenye usuluhishi.

Wapo wanaoyaona mashauriano hayo kuwa desturi tupu, kwa kuwa sheria haimpi mfanyakazi kura ya kuzuia uamuzi. Ni kweli kwamba neno la mwisho kuhusu biashara ni la mwajiri. Lakini wajibu wa kutoa taarifa unabadilisha hali ya mazungumzo. Wafanyakazi waliopewa hesabu wanaweza kuuliza kwa nini gharama fulani haikuguswa, na kupendekeza kupunguza saa za ziada, kusitisha ajira mpya, kuhamishia watu idara nyingine au kuwaruhusu wanaotaka kuondoka kwa hiari. Wanaweza pia kuhoji vigezo vya uteuzi. Kigezo cha aliyeingia mwisho kutoka kwanza kinatambuliwa, ila huzingatia haja ya kubakiza ujuzi maalumu. Orodha inayoandikwa bila kigezo chochote haiwezi kutetewa. Kila swali lililoulizwa kikaoni na kuingia kwenye kumbukumbu huwa ushahidi baadaye. Kikao ambacho mwajiri alifika na orodha iliyokwisha kukamilika nacho ni ushahidi, lakini dhidi yake.

Stahiki

Udhaifu wa upande wa fedha unaonekana wazi kwa hesabu. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28 au malipo badala yake. Kiinua mgongo hulipwa kwa aliyetimiza angalau miezi 12 ya utumishi mfululizo, kwa kiwango kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa ukomo wa miaka 10. Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa siku 6 kwa wiki, mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 650,000 na utumishi wa miaka 14. Mshahara wake wa siku ni shilingi 25,000. Kiinua mgongo chake cha lazima ni cha siku 70, yaani shilingi 1,750,000. Miaka 4 ya mwisho haihesabiwi. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaweka siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Miaka hiyohiyo 14 ingezaa siku 210, mara tatu ya kiwango cha Tanzania.

Kiwango cha Tanzania, hata hivyo, ni cha chini kabisa, na kinaweza kupandishwa kwa mkataba wa hali bora za kazi au katika mashauriano yenyewe. Pamoja na kiinua mgongo, mfanyakazi anadai mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakuichukua na cheti cha utumishi. Aliyeajiriwa kutoka mahali pengine anadai pia gharama za kumsafirisha yeye na mizigo yake hadi alikoajiriwa, pamoja na posho ya kujikimu tangu ajira iliposita hadi siku ya kusafirishwa.

Siku za kwanza baada ya barua

Kwa anayepinga usitishaji, muda ni mfupi. Mgogoro unapaswa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu ajira iliposita. Migogoro ya aina nyingine ina siku 60. Anayechelewa hulazimika kwanza kuomba kibali na kueleza sababu za msingi, na ahadi za mdomo za ofisi ya rasilimali watu hazisimamishi hesabu ya siku. Shauri huanza kwa usuluhishi. Likishindikana huenda kwenye uamuzi, na asiyeridhika huomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Hatua za kwanza zinafuata mantiki hiyo. Karatasi yenye kichwa cha makubaliano ya hiari isisainiwe kabla ya kusomwa na kiongozi wa tawi la chama au wakili, kwa sababu huweza kufunga mlango wa kudai. Mkataba, hati za mishahara, barua na kumbukumbu za vikao vikusanywe mapema, kabla ya kurudisha kompyuta na vitambulisho vya ofisi. Asiye na mkataba wa maandishi asikate tamaa: mwajiri anayeshindwa kutoa maelezo ya ajira ya maandishi ndiye anayebeba mzigo wa kukanusha sharti linalodaiwa.

Nyumbani, hesabu ya kaya ipangwe kwa fedha zilizokwisha kupokelewa, na ile inayotarajiwa kutokana na shauri iachwe kando. Mwenye mkopo wa benki au SACCOS amweleze mkopeshaji kabla rejesho halijakosekana, na aulize kama mkopo una bima ya kupoteza ajira. Mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii afuatilie fao la kukosa ajira. Familia nayo iambiwe ukweli mapema. Anayeendelea kuvaa na kutoka kila asubuhi kana kwamba bado ana kazi hubeba peke yake mzigo ambao hakuusababisha.

Hitimisho

Sheria ya mwaka 2004 imejenga mlango mzuri wa mashauriano, lakini imeweka kiinua mgongo kidogo nyuma yake. Ukomo wa miaka 10 unamwadhibu aliyetumikia muda mrefu zaidi, na unastahili kuondolewa. Hadi hilo litakapofanyika, vyama vya wafanyakazi vina wajibu wa kuwafundisha wanachama wao kifungu cha 38 wakati kazi bado ipo, na kila mfanyakazi ana wajibu wa kudai hesabu na kumbukumbu za vikao siku ya kwanza anaposikia neno "kupunguza" likitamkwa.