Usikivu makini (elimu)

Usikivu makini ni stadi ya kufuatilia maneno ya msemaji, kuyapima na kuuliza pasipoeleweka. Katika ufundishaji wa Kiswahili nchini Tanzania, kusikiliza ni moja ya stadi nne za lugha, pamoja na kuzungumza, kusoma na kuandika. Darasani hukuzwa kwa imla na ufahamu wa kusikiliza. Imla peke yake haitoshi: mwanafunzi aweza kuandika kila neno sawasawa asijue lilibeba nini.

Mfano mzito wa usikivu makini nje ya darasa ni Mradi wa Utafiti wa Majimaji wa 1968, ambapo wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliwahoji wazee wa kusini, Songea ikiwemo, kuhusu Vita vya Majimaji vya 1905–1907. Kazi ya namna hiyo hudai subira: kumwacha mzee amalize, kumrudishia kauli yake kwa maneno mengine ili aithibitishe au aikosoe, ndipo swali jingine lifuate. Hapo ndipo usikivu hukomaa kuliko kwenye dawati.

Walimu wa Songea wana pa kuanzia mazoezi ya namna hiyo: Makumbusho ya Majimaji, eneo la Mahenge mjini humo, walipozikwa mashujaa wa Kingoni walionyongwa tarehe 27 Februari 1906.