Ngome Iliyobeba Jina la Yesu

Kisiwani Mombasa, kando ya bandari ya kale, ipo ngome ambayo Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596, wakaiita kwa jina la Yesu. Mhandisi wake, Mwitalia Giovanni Battista Cairati, aliipa umbo linalokaribia mwili wa mwanadamu. Sisi tuliosafiri kutoka Bukavu kuizuru tulipita juu ya kuta zake tukijiuliza: je, jina takatifu latosha kuitakasa nyumba?

Historia yatujibu kwa ukali. Ngome hiyo ilijengwa ili kulinda biashara na njia ya bahari ya kwenda India. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa na kubatizwa Jerónimo, aliiteka kwa hila. Wakristo waliokataa kuikana imani yao waliuawa, Wareno pamoja na Waafrika. Tusisahau kwamba baba yake Yusuf aliuawa kwa njama za Wareno: damu iliita damu. Kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 Waomani waliizingira, na wengi waliokuwamo wakafa kwa njaa na maradhi. Hatimaye, mwaka 1895, Waingereza waliigeuza gereza, ikabaki hivyo hadi 1958. Kwa miaka zaidi ya 60, wafungwa waliingizwa katika ngome yenye jina la Yule ambaye naye alifungwa na kuhukumiwa bila kosa.

Jiwe halina moyo. Hufuata mkono unaolitumia. Tangu mwaka 1960 ngome ile ni jumba la makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia. Kuta ni zilezile, ila leo watoto wa shule huingia na kutoka kwa hiari yao.

Nasi hapa Bukavu tumezungukwa na majina matakatifu: katika shule, katika zahanati, katika vikundi vyetu wenyewe. Jina la namna hiyo ni deni kabla ya kuwa heshima. Mjini mwetu pia lipo gereza, na katika nchi yetu wafungwa wengi huishi kwa chakula kinacholetwa na jamaa na makanisa. Asiye na jamaa hungoja nani? Kikundi kitakachobeba sahani hadi langoni kitakuwa kimeanza kulilipa deni hilo.