Utazamaji wa eropleni

Utazamaji wa eropleni ni shughuli ya hiari ya kufuatilia ndege viwanjani, kutambua aina zake na kuandika namba za usajili. Ulienea Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Mtazamaji huanza na alama za usajili za ubavuni: 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda.

Nchini Tanzania, mji wa Musoma una uwanja wake (msimbo MUZ), lakini kwa wakazi wa huko, Bunda na Butiama, uwanja mkubwa wa karibu ni Mwanza, unaotumiwa na abiria pamoja na Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Airbus A220-300 ya Air Tanzania hutua palepale penye kambi ya ndege za kivita.

Ujirani huo ndio mvuto wa mahali hapo, na ndio hatari yake kubwa. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inazuia kupiga picha maeneo yaliyolindwa bila kibali. Kamera hapo si jambo dogo. Hata Ugiriki, watazamaji wa eropleni, Waingereza 12 na Waholanzi 2, walikamatwa Kalamata Novemba 2001 wakishukiwa ujasusi, wakahukumiwa Aprili 2002, na wakaachiwa huru kwa rufaa Novemba mwaka huo.