Tiba ya Kufidia Testosteroni: Istilahi na Uamuzi wa Kijana

Testosteroni ni homoni ambayo kwa mwanaume hutengenezwa zaidi ndani ya korodani. Jina hilo lilizaliwa mwaka 1935, watafiti waliokuwa chini ya Ernst Laqueur mjini Amsterdam walipoitenga kutoka korodani za fahali. Mwaka huohuo Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka, kila mmoja kivyake, walifaulu kuiunda maabarani, na mwaka 1939 Tuzo ya Nobel ya Kemia ikawaendea wote wawili. Kiswahili kimelipokea jina kwa sauti yake, na ni vyema. Tukisema "homoni ya kiume" tunasahau kwamba wanawake nao wanayo, kwa kiasi kidogo.

Ugumu unaanzia kwenye jina la tiba. Madaktari huiandika kwa kifupi TRT: mwanaume ambaye mwili wake hautengenezi testosteroni ya kutosha hupewa ile ya kiwandani, kwa sindano au kwa jeli ya kupaka. Vijana wa Mbeya na Iringa wanalisikia jambo hili kwenye simu zao, kwa wenzao wa mazoezi ya vyuma na kwa wauza dawa. Yapo maneno manne ya Kiswahili yanayoweza kubeba maana hiyo. Matatu yanampotosha kijana, na upotoshaji huo unaweza kumgharimu uzazi wake.

Neno la kwanza ni kuongeza: "sindano ya kuongeza homoni." Anayelisikia huamini kwamba anayo ya kwake, na sasa anapata ya juu yake. Mwili haufanyi hivyo. Chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari, ambayo hutoa homoni mbili, LH na FSH. LH huziamuru korodani zitengeneze testosteroni, na FSH husaidia utengenezaji wa mbegu. Ubongo ukiona testosteroni imejaa kwenye damu, hupunguza amri hizo, na kwa dozi za tiba huweza kuzizima kabisa. Korodani hulala na kusinyaa. Ya kiwandani imekalia kiti cha ya asili, na ya asili imetoka. Kijana mwenye korodani nzima anayechoma sindano "aongeze" kidogo anafunga kiwanda chake mwenyewe.

Neno la pili ni kurejesha. Linavutia zaidi, kwa kuwa linaahidi kwamba kilichopotea kitarudi. Lakini tiba hii haiamshi korodani. Dawa ikikatishwa, upungufu huwa palepale ulipokuwa, na kwa muda huweza kuwa mbaya zaidi kwa sababu amri za ubongo zilikuwa zimezimwa. Zipo dawa nyingine, kama klomifeni na hCG, ambazo madaktari bingwa huzitumia kwa baadhi ya vijana ambao korodani zao ni nzima ila hazipati amri ya kutosha. Hizo ndizo zinazostahili kuitwa tiba ya kuamsha, na kijana anayetaka watoto aulize kuzihusu kabla ya kukubali sindano.

Neno la tatu ni mbadala. Kwa mpangilio wa maneno lingefaa, ila Tanzania limekwishapewa kazi nyingine. Tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na baraza linalosimamia waganga na dawa za aina hiyo. Ukimwambia mtu wa Tukuyu au Mafinga kwamba kuna tiba mbadala ya homoni za kiume, atafikiria mizizi, unga wa kwenye kopo au Vumbi la Kongo, na hatakuwa amekosea Kiswahili.

Linabaki kufidia, nami ndilo ninalolipendekeza: tiba ya kufidia upungufu wa testosteroni. Barabara inapopanuliwa na nyumba ya mtu ikaguswa, mthamini hufika kwanza, hupima, huandika, ndipo fidia hulipwa. Asiyepoteza kitu halipwi. Neno hili linamlazimisha msemaji aeleze ni hasara gani inayofidiwa na nani aliyeipima.

Na upimaji wenyewe una masharti. Damu hutolewa asubuhi, mtu akiwa hajala, kwa sababu testosteroni huwa juu saa za asubuhi na hushuka kadiri mchana unavyosogea. Jibu moja la chini halitoshi, ni lazima kipimo kirudiwe siku nyingine. Mtu asipime akiwa mgonjwa wa malaria au homa nyingine, maana ugonjwa hushusha kiwango kwa muda. Kwa wanaume wa miaka 19 hadi 39 wasio wanene, kiwango cha kawaida kinachotumiwa na wataalamu wengi ni nanogramu 264 hadi 916 kwa desilita moja ya damu. Chama cha madaktari wa njia ya mkojo cha Marekani huweka mpaka kwenye 300. Hata hivyo namba peke yake si ugonjwa. Ni lazima ziwepo dalili: hamu ya tendo iliyokwisha, ndevu na vinyweleo vinavyopungua, misuli inayonywea, matiti yanayokua, au balehe ambayo haikukamilika. Hasara ikithibitika hupimwa pia LH na FSH, ili ijulikane kama kasoro iko kwenye korodani au kwenye amri za ubongo.

Hapa hali halisi ya Nyanda za Juu Kusini inaingia. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022 hadi 2023 uliikuta mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya ikiongoza kwa maambukizi miongoni mwa watu wazima: asilimia 12.7, 11.1 na 9.6. VVU visivyotibiwa huchosha, hukondesha, huua hamu, na huweza kushusha testosteroni yenyewe. Kijana wa Makambako au Uyole mwenye dalili hizo apime VVU na kifua kikuu kabla hajafikiria homoni. Akigundulika na kuanza dawa, huenda uchovu ule ukaondoka bila sindano yoyote ya testosteroni.

Pombe nayo imo. Msimu wa mvua ulanzi huwa mwingi na wa bei ndogo Iringa, na komoni haikosekani mwaka mzima. Unywaji wa kupindukia huumiza korodani na ini kwa pamoja. Kuna pia matubwitubwi, ambayo wengine huyaita perema. Yakimpata mvulana aliyekwisha kubalehe huweza kushambulia korodani, na chanjo ya surua na rubela ambayo Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2014 haina kinga yake. Wengine walizaliwa na korodani ambazo hazikushuka, wengine zilijipinda na wakachelewa kufika hospitali, na wengine wana kromosomu X ya ziada. Hawa huweza kuwa na hasara ya kweli. Ikithibitika, kwao tiba ya kufidia ni haki, huimarisha mifupa, misuli na moyo wa kuishi, na hawapaswi kuionea haya.

Msemo "upungufu wa nguvu za kiume" umetufunika macho katika jambo hili. Ndani yake tumefungasha vitu vitatu: hamu, kusimama kwa uume, na uwezo wa kuzalisha. Testosteroni inahusika sana na hamu. Uume kushindwa kusimama kwa kijana mara nyingi hutokana na hofu, sonona, kisukari, sigara au presha. Na kuhusu kuzalisha, testosteroni ya kudungwa hufanya kinyume kabisa na anachotarajia mnunuzi. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuifanyia majaribio kama njia ya wanaume ya kupanga uzazi. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990, wanaume 271 wenye afya walidungwa kila wiki, na ndani ya miezi 6 wanaume 157 hawakuwa na mbegu hata moja kwenye manii. Kwa wengi mbegu hurudi wakiacha, lakini baada ya miezi mingi, na baadhi ya waliotumia dozi kubwa kwa muda mrefu husubiri zaidi. Ndiyo sababu mwongozo wa mwaka 2018 wa chama cha Marekani cha madaktari wa homoni unashauri mwanaume anayetarajia kupata mtoto karibuni asianzishiwe.

Lipo pia suala la damu. Testosteroni huchochea utengenezaji wa chembe nyekundu, na damu ikizidi kuwa nzito hatari ya kuganda huongezeka. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa haiko mbali na hapo. Kuishi mwinuko huo peke yake huongeza chembe hizo kidogo. Kwa hiyo kipimo cha wingi wa damu ni cha lazima kabla ya kuanza na kila baada ya miezi michache. Chembe zikizidi asilimia 54 ya damu, dawa husimamishwa.

Daktari wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au wa Tosamaganga anaweza kuitumia istilahi hii hivi: "Mdogo wangu, vipimo viwili vya asubuhi vimeonyesha upungufu, na LH iko juu, maana yake korodani zenyewe ndizo zimeshindwa. Nitakuanzishia tiba ya kufidia. Haitaziamsha, na huenda ukaitumia maisha yako yote. Kama unataka watoto, tuzungumze hilo kwanza." Kila neno hapo linaeleweka na kijana wa darasa la saba, na hakuna lililofichwa.

Kwa hiyo nawaomba watangazaji wa redio, wahariri, wafamasia na walimu wa afya tuliache neno kuongeza. Anayeuza sindano kwa jina hilo aulizwe amepima nini. Na wewe kijana unayetafakari tiba hii, usianze mpaka umepata majibu ya maswali matatu: upungufu wangu umethibitishwa na vipimo vingapi, chanzo chake ni nini, na watoto ninaotaka kuwazaa watapatikanaje? Mtoa huduma asiyeweza kuyajibu hana hasara ya kukufidia.