Habari ya Adhana ya Mwezini



Nataka leo tuizungumze habari moja ambayo bila ya shaka umeisikia, na huenda nawe umeihadithia. Ni ile isemayo kwamba Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, alisikia huko sauti ambayo hakuitambua. Kisha miaka ikapita, akafika katika mji mmoja wa Kiislamu, akaisikia sauti ile ile ikitoka mnarani, akauliza, akaambiwa kuwa hiyo ni adhana, naye papo hapo akasilimu. Mimi niliihadithia habari hii chuoni kwangu kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila mara nilipofika kwenye mnara, watoto walinyamaza kimya.

Nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kunikasirikia.

Ninaye mwanafunzi wa kike niliyemwanzisha alifu kwa ujiti mpaka akakhitimu msahafu. Aliolewa, akafuatana na mumewe Marekani, na sasa watoto wake ni wakubwa, naye akaa karibu na mji wa Washington. Kila Jumamosi huenda kwenye Makumbusho ya Taifa ya Ndege na Anga, akasimama saa kadhaa katika sehemu ya safari za mwezini, akiwaeleza wageni vyombo wanavyoviona. Halipwi hata senti moja. Wako wengi kama yeye pale, wanaume kwa wanawake, waliojitolea siku zao kuwasomesha watoto wa watu wasiowajua. Sisi kwetu twajua kujitolea kwenye maziko na kwenye karamu, na hilo ni jema. Lakini mtu kujitolea elimu, akasimama kwa miguu yake mchana kutwa, hilo tumeliachia walimu wa vyuo, nao wakipata chochote hushukuru.

Asili ya makumbusho yale yafaa tuijue, kwani yashabihiana sana na mambo yetu ya wakfu. Alikuwako Mwingereza mmoja, James Smithson, mtaalamu wa madini na kemia, aliyekufa mwaka 1829. Hakuwahi kufika Marekani hata siku moja. Lakini aliusia kwamba mpwa wake akifa bila ya kuacha mtoto, mali yote ipewe nchi hiyo ijenge mjini Washington taasisi ya kuzidisha elimu na kuieneza kwa watu. Mpwa akafa bila ya mtoto, na mwaka 1846 taasisi ikaundwa kwa sheria. Makumbusho ya anga ni tawi lake moja. Jengo lake lilifunguliwa tarehe 1 Julai 1976, na mpaka leo mtu huingia bure.

Mkuu wa makumbusho wakati jengo hilo lilipojengwa alikuwa Michael Collins. Huyu ndiye yule wa tatu katika safari ya Apollo 11, aliyebaki akiuzunguka mwezi peke yake wakati wenziwe wawili, Armstrong na Aldrin, waliposhuka chini. Chombo alichobaki nacho, kiitwacho Columbia, kipo pale, na nguo aliyovaa Armstrong ipo pia. Na liko jiwe la mwezini, lililoletwa na safari ya mwisho, Apollo 17, Desemba 1972, ambalo kila mgeni ana ruhusa kuligusa. Mwanafunzi wangu asema limekuwa laini kwa vidole vya watu. Siku aliyoligusa mara ya kwanza alikumbuka Hajarul Aswad, kisha akastaghafiru kwa kufananisha. Nilimwambia hapana dhambi katika kukumbuka.

Sasa sikiliza yaliyomfika. Jumamosi moja alikuja mzee wa Kiislamu na wajukuu zake. Alipomwona binti amejitanda, alifurahi mno, akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya wote kusikia: "Mwanangu, waoneshe hawa watoto mahali palipoandikwa kuwa Armstrong alisikia adhana."

Binti hakuwa na pa kukimbilia. Alipokuwa akifunzwa kazi ile, kabla ya kuachiwa aseme na wageni, alisisitiziwa jambo moja kuliko mengine: usiseme ila lililothibiti, na usilolijua sema silijui. Haya si mageni kwake, maana mimi mwenyewe nilimsimulia tangu yu mdogo jinsi Imam Malik, pamoja na ukubwa wa elimu yake, alivyokuwa akiulizwa maswali mengi na mengi katika hayo akajibu kuwa hajui. Basi akamwambia yule mzee kwa adabu: "Baba, halikuandikwa popote, kwa kuwa halikutokea. Mwenyewe alilikanusha." Uso wa mzee ukashuka mbele ya wajukuu zake. Akamwuliza: "Wewe nani aliyekusomesha dini?"

Usiku ule aliniletea sauti yake kwa simu. Akaniamkia, akaniuliza hali, kisha akasema: "Maalim, nilinyamaza. Ningemjibu nini? Aliyenisomesha dini ndiye aliyenihadithia."

Siku mbili sikumjibu.

Nilijiuliza, mimi habari hii niliipata wapi? Mwaka 1969 nilikuwa mtoto mdogo, na nakumbuka wazee barazani wakibishana kama mwezi waweza kupandwa au hauwezi. Habari ya adhana haikuwapo kabisa katika mabishano yale. Iliingia baadaye, katika miaka ya 1980, kwa kaseti ya mawaidha iliyokuwa ikipita mkono kwa mkono. Aliyesema ndani yake alikuwa ameisoma gazetini. Gazeti lilisema "imepokewa". Imepokewa kwa nani? Hakuna aliyeuliza, na mimi miongoni mwao, mimi niliyekuwa nikiwasomesha vijana wakubwa namna maulamaa walivyowachunguza wapokezi wa Hadithi mmoja baada ya mmoja: huyu mkweli lakini mwenye kusahau, huyu hakukutana na yule anayempokea. Mizani hiyo niliiweka kabatini mara tu nilipoletewa habari niliyoipenda.

Ukweli wake ni huu. Katika miaka hiyo habari ilienea Misri, Malaysia, Indonesia na kwingineko, hata Armstrong akawa aulizwa mara kwa mara na kualikwa kwenye mikutano ya Kiislamu. Mwezi wa Machi 1983 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliwapelekea mabalozi wake walioko nchi za Waislamu barua ya kueleza kwamba Bwana Armstrong hapendi kumuudhi mtu yeyote wala kuvunjia heshima dini yoyote, lakini habari za kusilimu kwake si sahihi. Mwaka 2005 kilitoka kitabu cha maisha yake kilichoandikwa na James Hansen, na jambo hilo limo, limekanushwa. Mwaka huo huo alikwenda Malaysia, akaulizwa tena, akakanusha tena. Alifariki tarehe 25 Agosti 2012 katika hali yake ile. Miaka thelathini mtu asema kwa ulimi wake "si kweli", nasi twasema "ni kweli" kwa niaba yake.

Wako waliozidi kuipamba, wakasema alihamia Lebanon kwa ajili ya kuusoma Uislamu. Hapa pana kichekesho. Armstrong alikaa kweli Lebanon, lakini ni Lebanon ya jimbo la Ohio, mji mdogo alikokuwa na shamba, huku akisomesha katika chuo kikuu cha Cincinnati.

Na lau tungefikiri kidogo tu, akili yenyewe ingetuzuia. Mwezini hakuna hewa, na sauti haiendi pasipokuwa na kitu cha kuipitisha. Wale watu wawili walikuwa ndani ya kofia zilizofungwa, hawasikizani wao kwa wao ila kwa redio, na maneno yao yalikuwa yakisikilizwa na kunaswa duniani muda wote.

Nimehesabu saa. Armstrong aliweka mguu mwezini saa 11 na dakika 56 za alfajiri kwa saa zetu za Afrika Mashariki, siku ya tarehe 21 Julai 1969. Wakati huo katika Pwani yetu watu walikuwa wametoka kuswali alfajiri, au wangali wamekaa na nyiradi zao. Adhana ilikuwa imesomwa kweli kweli asubuhi ile, nusu saa na zaidi kidogo kabla ya hapo, kwenye misikiti yetu. Hiyo ndiyo naweza kuishuhudia.

Mwanafunzi wangu asema huulizwa pia juu ya picha ya ufa mrefu mwezini, ambayo watu huitembeza kuwa ni dalili ya kupasuka mwezi zama za Mtume, sala na salamu zimshukie. Ule ni mfereji wa ardhi ya mwezi uitwao Rima Ariadaeus, urefu wake yapata kilomita 300, na wako mifereji mingine kama huo. Muujiza wa Mtume tunauamini kwa Kurani na kwa riwaya zilizosihi. Tuliuamini karne nyingi kabla hajapatikana wa kupiga picha, na ukiuegemeza kwenye picha, siku picha ikianguka utasema nini kwa mwanao?

Kinachonitia uchungu zaidi ni kwamba ya kweli yalikuwapo, tena mazuri, nasi tukayaruka. Yuko Farouk El-Baz, Mmisri aliyezaliwa Zagazig mwaka 1938, mtaalamu wa miamba. Kuanzia 1967 alikuwa miongoni mwa waliochagua mahali pa vyombo vya Apollo kutua, na ndiye aliyewafunza wale wanaanga kuutazama mwezi kutoka juu na kuyajua mabonde na milima yake. Wao wakimwita "Mfalme", kwa jina la Mfalme Farouk. Alfred Worden, alipouzunguka mwezi katika Apollo 15 mwaka 1971, alisema kwamba kwa mafunzo ya Mfalme anahisi kama aliyewahi kufika hapo. Kisha mwaka 1973 El-Baz akaanzisha kituo cha uchunguzi wa dunia na sayari ndani ya makumbusho haya haya ninayokuelezea. Chuoni kwangu hapana mtoto aliyepata kulisikia jina lake kutoka kwangu.

Na ziko nyota. Chombo cha Apollo kilikuwa na darubini ya kupimia, na msafiri alikuwa akiilenga nyota, akaiambia tarakilishi kwa nambari ni nyota gani, ili kujua chombo kimeelekea wapi. Nyota za orodha ile zilikuwa 37, na kiasi cha 20 kati yake zina majina ya Kiarabu yaliyobadilika kidogo tu midomoni mwa Wazungu. Aldebaran ni ad-Dabaran, mfuasi, kwa kuwa yaifuata Kilimia. Vega ni ule mwisho wa an-Nasr al-Waqi, na Altair ni an-Nasr at-Tair. Fomalhaut ni Famul Hut, mdomo wa samaki. Achernar ni Akhirun Nahr, mwisho wa mto. Nyingi ya hizo zimo katika kitabu cha nyota cha Abdurrahman as-Sufi, cha mwaka 964. Mwezini kwenyewe liko shimo lililopewa jina lake, ila wao wameliandika Azophi. Basi aliyekwenda mwezini alikwenda akiyataja maneno yetu, tena imeandikwa, na yeyote aweza kwenda kuitazama.

Siku ya tatu nilimpigia simu binti, nikamtaka radhi. Alilia, nami sikuwa mbali na hapo. Jumatano iliyofuata niliwakalisha watoto, wadogo kwa wakubwa, nikawaambia kuwa ile habari ya mnara maalim wenu aliitoa bila ya kuihakikisha, na si kweli. Mzazi mmoja alinijia baada ya swala ya Isha, hakupendezwa. "Sheikh," akasema, "hata kama si kweli, yadhuru nini? Si inawapendezesha watoto dini?" Nikamhadithia yule mzee na wajukuu zake. Wale watoto walimwona babu yao akisahihishwa hadharani. Kesho akiwaambia habari ya Badri, au ya Hijra, watajiuliza hii nayo ni ya namna gani. Suratul Hujurat, katika aya ya 6, imetuamrisha kuhakikisha habari, wala haikubagua kati ya habari tuipendayo na tuichukiayo. Yule bwana aliniaga vizuri, lakini sijui kama nimemkinaisha.

Nawe ndugu msomaji, kama uliisikia habari hii kwangu, chuoni au msikitini, basi nimeirudisha, na uliyemhadithia mfikishie.

Binti sasa ameniomba nimwandikie majina yote ya nyota za orodha ile kwa Kiarabu chake cha asili, pamoja na maana, apate kuwasomea wageni wake. Nimeifanya kazi hiyo kwa furaha, kamusi iko mbele yangu. Zilinishinda tatu, Regor, Dnoces na Navi. Hii ya mwisho nilikaa nayo sana, na nakwambia kweli, nilikuwa nimeshaanza kuandika kwamba huenda asili yake ni Nabii. Moyo ulinidunda kwa furaha. Kisha nikaiweka kalamu, nikamwuliza kwanza.

Akanijibu kuwa hayo ni majina ya wanaanga watatu wa Apollo 1, yaliyogeuzwa nyuma mbele na mmoja wao, Virgil Grissom, kwa mzaha. Navi ni Ivan, jina lake la pili. Regor ni Roger, jina la Chaffee. Na Dnoces ni neno la Kiingereza la "wa pili", kwa kuwa White alikuwa na jina moja na baba yake. Wote watatu waliungua ndani ya chombo chao kikiwa bado ardhini, tarehe 27 Januari 1967, na wenzao wakayaacha majina yale katika orodha.